Mwendo wa Mtu Aliyeketi

Jumapili, 14 Januari

Kocha wangu,

Nakuandikia nikiwa nimetia miguu kwenye beseni la maji baridi. Ukiona karatasi imelowa ujue ni maji ya beseni, si machozi. Usije ukajipa umuhimu.

Leo nimekimbia kilomita kumi na nane peke yangu. Kumbe barabara ya maghala ni ndefu kiasi hiki. Ukiwa hapo kushoto kwangu unanitajia muda wa kila kilomita, naona inaisha tu. Leo nimehesabu kila nguzo ya umeme. Yule mlinzi wa kiwanda cha magodoro kaniuliza, "Mwenzio yuko wapi?" Nikamwambia umepata kazi ya kuchomelea vyuma vya daraja, kwenye bonde la milimani huko ambako hata simu haishiki, miezi sita. Akasema, "Pole sana, mama," kama vile nimefiwa.

Sasa sikiliza. Marathoni ni tarehe 26 Mei, na mwaka huu sikubali kumaliza tena kwa saa nne na dakika nne. Hizo dakika nne zimenikaa kooni kama mwiba. Tufanye hivi: kila Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, wewe huko na mimi hapa tunaanza kukimbia, umbali sawasawa. Ukimaliza unaniandikia muda wako na mwendo wako, unampa dereva wa lori la saruji. Anasema anapanda huko Jumanne na kushuka Ijumaa. Nikipata karatasi yako, Jumapili yangu nakimbia kwa mwendo huohuo, nimeikunja kiganjani. Tangu tuanze, wewe ndiye unayeshika mwendo. Hilo halibadiliki kwa sababu ya daraja.

Nakuomba usiache hata mara moja. Hili nitalisema leo halafu sitalirudia. Tulipomzika mtoto tulikaa mwaka mzima ndani ya nyumba hii hatuongei zaidi ya "chumvi iko wapi". Mbio ndizo zilizotufungua midomo. Ule ukimya naogopa usirudi, naogopa kuliko ninavyoogopa kilomita ya thelathini na tano.

Dada yangu anakusalimu. Anasema mtu mzima anayekimbia bila kufukuzwa anahitaji maombi.

Mkeo,
Sindano


Jumapili, 21 Januari

Sindano,

Barua imefika, na alama ya beseni nimeiona. Nimeamini.

Sheria zako nimezikubali. Leo nimekimbia ishirini, kwa saa moja na dakika hamsini na nane, karibu dakika sita kwa kilomita. Barabara ya huku ni kokoto mpaka kilomita ya sita, halafu lami mpya. Nilipoanza, wenzangu walitoka vibandani kuniangalia. Mnyapara akaniuliza nimeibiwa nini, aite walinzi. Nilipomwambia nafanya mazoezi, akasema kesho ataniongezea kazi, maana inaonekana ninayofanya haitoshi.

Mpaka kilomita ya tisa nilikuwa nageuza kichwa upande wa kulia kukutafuta. Nilikuwa natamka muda kwa sauti, mbuzi wakawa wananitazama.

Lile ulilosema mara moja nimelisikia. Na mimi naliogopa hivyohivyo. Unanijua, mimi kuongea nikiwa nimekaa sijui. Nikikimbia maneno yanakuja yenyewe. Nitaandika kila Jumapili, hilo usilale ukiliwaza.

Mumeo,
Kocha


Jumapili, 4 Februari

Kocha,

Nimefuata karatasi yako: ishirini, saa moja na dakika hamsini na tisa. Dakika moja hiyo ni ya kamba ya raba iliyofunguka, kwa hiyo nahesabu tumetoka sare.

Karakana tumepewa mashati mia tatu ya sare za shule, na bosi anataka yote yaishe kabla mwezi haujaisha. Nashona mpaka kiti kinanichukia. Lakini Jumapili saa kumi na mbili nikitoka mlangoni, najua na wewe unatoka. Watu wanaoniona wanadhani niko peke yangu.

Ongeza kidogo. Nina nguvu.

Sindano


Ijumaa, 16 Februari

Shemeji yangu,

Barua hii isome ukiwa peke yako, ukimaliza ichane.

Jumatatu boriti ya chuma iliteleza kwenye mnyororo ikaniangukia mguu wa kulia. Daktari wa kampuni amekata nusu ya mbele ya unyayo. Vidole vyote vitano vimekwenda, kisigino kimebaki. Anasema nitatembea kwa fimbo, na baadaye pengine bila fimbo. Nilimwuliza kuhusu kukimbia, akacheka, alidhani namtania. Kampuni haitanirudisha nyumbani. Nikipona kidonda nitakaa stoo, nigawe vifaa.

Nakuomba, kwa heshima zote, usimwambie mdogo wako. Akijua leo ataacha mazoezi, atapanda lori, atakuja kukaa pembeni ya kitanda changu, tutatazamana. Shemeji, sisi hatujui kutazamana. Tunajua kukimbia bega kwa bega, macho mbele. Tulijifunza hivyo baada ya mtoto, na ndiyo ndoa tuliyobaki nayo. Acha amalize marathoni yake. Mwendo nitaendelea kumwandikia, miaka mitano nimekimbia naye, najua mwendo unavyopaswa kuwa. Tarehe 27 Mei nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu.

Dereva nimemwapiza. Umebaki wewe.

Shemeji yako


Jumanne, 20 Februari

Shemeji,

Nimelia, nikakasirika, nikalia tena, kisha nikanawa uso nikaenda chekechea kuwafundisha watoto wa watu kusema ukweli.

Pole sana kwa mguu. Pole sana, ndugu yangu. Nimetuma mafuta ya kukandia na soksi nzito, na mwambie dereva asijifanye kusahau.

Sasa nikuseme. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako wewe unataka iwe kilomita arobaini na mbili. Na hilo la kutazamana limenitoa usingizi. Watu mna ndoa ya miaka kumi na mmoja, hamuwezi kukaa kwenye viti mkatazamana? Basi hilo ndilo jeraha, mguu ni nyongeza.

Nitanyamaza, kwa sababu mguu ni wako na mke ni wako. Sijakubaliana na wewe. Nimenyamaza tu.

Shemeji yako


Jumapili, 25 Februari

Sindano,

Nisamehe kwa ukimya, kulikuwa na homa imepita kambini, nililala siku kadhaa. Imekwisha.

Leo ishirini na nne. Saa mbili na dakika ishirini, yaani dakika tano na sekunde hamsini kwa kila kilomita. Ulisema niongeze, nimeongeza. Kokoto zimeniisha mapema, na pale kilomita ya kumi na moja kuna mlima unaopinda kushoto, una bango la njano la kuonya malori. Nimeupanda bila kupunguza mwendo mpaka nikajishangaa. Juu kabisa kuna upepo, ukifika hapo unasahau kama ulichoka. Kushuka ni raha tupu.

Njoo na mwendo huo. Mlima huna, tafuta ule wa kwenye tangi la maji uuzunguke mara mbili.

Kocha


Jumapili, 10 Machi

Kocha,

Kuumwa kumekuamsha nini? Ule mlima wa tangi nimeuzunguka mara mbili kama ulivyoamuru. Nimekufa mara mbili, nikafufuka mara mbili. Saa mbili na dakika ishirini na moja. Niliporudi nilikaa sakafuni jikoni nikacheka peke yangu kwa furaha. Mwaka huu tunaingia chini ya saa nne, mimi nakuambia.

Kuna kaumivu kadogo mguu wa kulia, chini ya goti, kwa mbele. Nadhani ni raba zimekwisha. Pedali ya cherehani nimehamishia mguu wa kushoto, na shati la kwanza lilitoka na mshono unaokwenda kama mlevi. Bosi alilinyanyua, akaliangalia, akauliza mtoto atakayelivaa amekosa nini.

Dereva siku hizi ana haraka. Nikimwuliza hali yako anasema "mzima, mzima", huku anatazama matairi. Umemgombeza?

Sindano


Jumanne, 19 Machi

Shemeji,

Mkeo anachechemea. Akiingia nyumbani kwangu anatembea vizuri mpaka kitini, akitoka namchungulia dirishani, anashika ukuta. Nilimpeleka kwa daktari wa mifupa. Amemwambia apumzike wiki sita, mfupa wa muundi umechoka, na ukiendelea kuulazimisha utapasuka. Ameniapiza nisikuambie. Nami sijakuambia, nimeandika.

Nina siri mbili za nyumba moja, na zinatazamana. Mimi ni mwalimu wa chekechea, si jela. Mwandikie apumzike. Mwambie na la kwako. Siku moja ya aibu, halafu basi.

Shemeji yako


Jumapili, 24 Machi

Sindano,

Ule mguu uliosema unauma vipi? Usinifiche. Kama daktari amekuambia upumzike, pumzika, mbio zipo kila mwaka.

Mimi leo thelathini, saa mbili na dakika hamsini. Dakika tano na sekunde arobaini, ndio mwendo wenyewe wa kuingia chini ya saa nne. Nimekuandikia ili ujue tu nilipofika. Si lazima uufuate.

Kocha


Jumapili, 31 Machi

Kocha,

Dada ana mdomo mrefu, nitamshonea zipu. Sina kitu. Kaumivu kamekwisha tangu niliponunua raba mpya.

Leo nimekimbia thelathini. Saa mbili na dakika arobaini na tisa, nimekushinda kwa dakika nzima. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, barabara nzuri, maji nilikunywa vizuri, kila kitu kilikuwa kizuri. Hakuna cha kusimulia.

Nilivyoona umeandika "si lazima uufuate" niliumia. Ni mara ya kwanza unanikimbia hivyo. Kama umechoka kunishikia mwendo sema. Kama hujachoka, ongeza.

Sindano


Jumapili, 7 Aprili

Sindano,

Sijachoka. Sitachoka kamwe. Barua yako nimeisoma mara nne, na ile dakika yako moja nimewaonyesha watu wa stoo. Nilikuwa na wasiwasi na mguu wako, sasa nimetulia.

Umetaka niongeze. Leo thelathini na mbili, kwa dakika tano na nusu kila kilomita. Saa mbili na dakika hamsini na sita. Mlima wa bango la njano niliupita nikiwa bado na pumzi ya kuimba. Ukiweza huu, siku yenyewe utaona ni matembezi.

Kocha


Jumatatu, 15 Aprili

Mume wangu,

Nakuandikia kutoka kitandani kwa dada. Naomba usome yote kabla hujakasirika.

Jana nilitoka na karatasi yako. Dakika tano na nusu. Nilizishika mpaka kilomita ya kumi na nne, meno yameumana. Nilisema moyoni, yeye amepanda mlima huku anaimba, mimi niko kwenye tambarare nalalamika nini? Kilomita ya ishirini na moja, mbele ya kiwanda cha magodoro, nilisikia mguu umelia. Nilisikia kwa masikio, kama kijiti kinavunjwa. Mlinzi alinibeba mgongoni mpaka barabara kuu. Mfupa wa muundi umepasuka. Nimefungwa plasta kutoka vidoleni mpaka juu ya goti, na daktari anasema nisifikirie hata kutembea haraka mpaka mwakani.

Kuna lingine. Zile kilomita thelathini sikuzikimbia. Niliishia ya kumi na saba, nikakaa kwenye ukingo wa mtaro nikalia, kisha nikarudi nyumbani nikakuandikia muda wa kubuni. Nilikudanganya, ukaniamini, ukaongeza mwendo. Kwa hiyo nimevunjwa na ulimi wangu mwenyewe.

Nisamehe. Umekaa kwenye kokoto huko, unafanya kazi ya chuma mchana kutwa, na bado hukuacha Jumapili hata moja kwa ajili yangu. Mimi nimeshindwa kukufuata. Wewe kakimbie tarehe 26, omba ruhusa uje. Usiache kwa sababu yangu. Nitakuwa kwenye mstari wa mwisho na magongo yangu.

Tafadhali tusirudi kule kwenye ukimya.

Mkeo

(Shemeji, hili naandika chini yeye akiwa amelala. Amelia usiku kucha akisema amekuangusha. Lori likirudi Ijumaa bila ukweli wako, Jumamosi nitausema mimi.)


Alhamisi, 18 Aprili

Mke wangu,

Hujaniangusha. Hapakuwa na mtu mbele yako.

Tangu tarehe 12 Februari sijakimbia hata hatua moja. Boriti iliniangukia mguu wa kulia, nusu ya unyayo imekatwa. Dada yako anajua, dereva anajua, nimewafunga midomo mimi. Usiwalaumu.

Nitakuambia nilivyofanya, kwa sababu hata mimi nimeshangaa nilivyokuwa hodari wa kuifanya. Kila Alhamisi, lori likiwa bado huku, nilimwomba dereva anipakie, tunaendesha ile barabara, na Jumapili nakuandikia. Anasoma kilomita kwenye dashibodi, mimi nina daftari mapajani. Nauangalia mlima, nasema moyoni, hapa ningepunguza kidogo, hapa ningeongeza. Bango la njano lipo. Upepo wa juu upo, uliingia kwa dirisha. Milima yote niliyokuandikia nimeipanda nikiwa nimekaa, na mtu aliyekaa anasahau kuwa mlima unauma. Kila wiki nilikuwa najiona nina nguvu zaidi. Uliposema thelathini umezimaliza, nilifurahi hata mkono ukaandika dakika tano na nusu wenyewe. Mwendo huo sijawahi kuukimbia maishani, hata nikiwa na miguu miwili.

Dada yako aliniandikia Machi kwamba daktari amekukataza. Nilijua. Nilikuuliza kwa sauti ya chini ili unijibu ninachotaka kusikia, ukanijibu. Hilo ndilo linaloniua. Mguu umenikatika mara moja. Hilo linanikata upya kila siku.

Nilifanya hivi kwa kuogopa. Nilijiuliza, tusipokimbia, tutakuwa nani tukiwa chumba kimoja? Mpaka leo najiuliza.

Mumeo


Jumatatu, 29 Aprili

Baba,

Sijui nikuite nani. Kocha halikai mdomoni.

Barua yako nimeisoma, nikamwambia dada aiondoe mbele yangu, kisha nikamwambia airudishe. Nimekasirika. Mguu umekatwa nusu, na mimi mkeo nilikuwa nakuandikia habari za raba. Nilicheka sakafuni jikoni kwa sababu ya mlima uliopandwa na lori. Miezi miwili nimekimbia na nani? Ungeniambia siku ileile, ningekuja hata kwa kutambaa, nikakuosha kidonda kwa mikono hii. Umeninyima hilo na sitakuficha kwamba limeniuma kuliko mfupa.

Nilitaka barua iishie hapo. Nimekaa na plasta hii siku kumi na tano, natazama ukuta, na nimeona sina haki ya kukurushia jiwe. Umenipa muda wako wa kweli. Na mimi nikupe wangu. Si wa mbio.

Siku ile ya mtoto. Nilikuambia wewe, nikawaambia watu wote msibani, kwamba homa ilimpanda saa tano na nusu, ghafla, na saa sita mchana akawa amekwenda, hakuna ambaye angewahi. Mlisema ni kazi ya Mungu. Nilikubali.

Haikuwa saa tano na nusu. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Ulikuwa umetoka muda mfupi tu. Nilimgusa, akawa wa moto. Nikasema itashuka. Nikampa nusu kidonge, nikaketi pembeni ya kitanda, nikawa namfuta na kitambaa. Sikukupigia kwa sababu ilikuwa siku yako ya kwanza kazini baada ya miezi minane ya kukaa bure, nikasema nisikuharibie. Kila saa nikasema itashuka. Aliuliza mara tatu, "Baba amerudi?" Nikamwambia yuko njiani. Saa tano na nusu ndipo nilipombeba, na tulipofika zahanati alikuwa amenyamaza.

Kutoka mlangoni kwetu mpaka zahanati ni dakika kumi na mbili kwa mtu anayekimbia. Nimepima. Umelala kitandani alfajiri na mimi nimepima, mara nyingi kuliko unavyoweza kudhani. Ulidhani mimi nilipenda mbio kwa sababu zilituponya. Nilikuwa nakimbia kwenda zahanati. Miaka mitano nakimbia. Na siku moja tu niliyotakiwa kukimbia, niliketi.

Sasa unajua. Ulikuwa unaogopa tutakuwa nani tukiwa chumba kimoja. Mimi ni huyu.

Mama yake


Jumanne, 14 Mei

Dereva amekuja Ijumaa mikono mitupu, na Ijumaa iliyofuata vilevile. Amesema uko mzima, na safari hii alinitazama usoni. Sikulazimishi kujibu. Nataka tu ujue kwamba nimerudi nyumbani kwetu, natembea kwa magongo, na mlango siufungi kwa komeo.


Alhamisi, 23 Mei

Mama yake,

Barua yako ilinikuta stoo, na nilibaki palepale mpaka wakaja kuniambia kazi imekwisha. Nilimwacha dereva aondoke mara tatu. Nilikuwa na hasira, na hatufichani tena. Siku tatu nilikuchukia. Nilikuwa nikiona kitambaa, nakichukia na chenyewe.

Siku ya nne nilikumbuka kitu. Asubuhi ile nilisimama mlangoni nikifunga viatu, nikakuambia, "Leo usinipigie kwa lolote, msimamizi hataki simu." Nilisema kwa ukali kidogo, nilikuwa na woga wa siku ya kwanza. Umeandika kila kitu katika barua yako, mpaka nusu kidonge umeiandika, hilo umeliruka. Umebeba miaka sita na neno langu moja hujalitaja, hata siku ya kuungama. Nilipoliona hilo pengo nililia mbele za watu. Mnyapara alinifungia mlango wa stoo akakaa nje.

Siwezi kukuambia nimekusamehe. Sijui hata anayepaswa kusamehewa ni nani, hatia yako na yangu zimeshonana na sipati mshono wa kufumua. Labda itakuja, labda haitakuja. Jumapili hii ni siku ya mbio. Nitashinda kibandani nimelala, na wewe usiende kuangalia.

Lakini kuna kitu nakitaka. Miaka yote nimejua kwamba nilimwacha mwanangu amelala, nikamfunika, na kwangu mimi maisha yake yaliishia hapo, maana hayo mengine nilidhani yalikuwa nusu saa ya kupambana na kifo. Kumbe aliishi masaa sita ambayo siyajui. Alikunywa maji, aligeuka upande, aliniulizia. Hayo masaa ni yake, na mimi ni baba yake. Nayataka yote.

Mkataba nimeuvunja. Nitashuka na lori Ijumaa ya tarehe 31. Sitaki kwa barua. Nataka tukae kwenye viti, unitazame na mimi nikutazame, unisimulie kuanzia saa kumi na mbili mpaka mwisho, taratibu. Na ukifika pale panapouma, usiongeze mwendo.

Baba yake